V8 ya Range Rover ndani ya pikapu ya Peugeot 404: nibaki na kabureta au nihamie injeksheni?

PikapuYaBaba, Nakuru

Wadau, hamjambo. Nina pikapu ya Peugeot 404 niliyoachiwa na marehemu baba. Ilibeba viazi vya Molo na kabeji za Njoro miaka na miaka, kisha ikalala chini ya mjakaranda nyuma ya nyumba mpaka kuku wakaanza kutagia ndani. Injini yake ya lita 1.6 ilishakufa zamani. Mwaka jana nikaamua kuifanya kile Wamarekani wanachokiita hotirodi: mwili wa kizee, moyo wa kijana.

Moyo wenyewe ni V8 ya Range Rover ya kwanza kwanza, ile ya alumini, ya sisi (cc) 3528. Nimeikuta kwenye gari lililoozea shambani. Imeshakaa mahali pake. Giaboksi na ekseli ya nyuma ni za Hilux, kwa sababu ekseli ya 404 ni ile ya gia ya msokoto na sikuiamini mbele ya silinda nane.

Sasa nimekwama kwenye petroli: niichanganye na hewa kwa kabureta, au niipulizie kwa injeksheni inayopima kwa kompyuta? Injini ilikuja na kabureta zake mbili za Stromberg, lakini zimechoka, vyuma vya vali vimelika na vinavuta hewa pembeni. Naona njia tatu:

Kwanza, manifoldi (mabomba ya kugawia silinda hewa na petroli) ya Offenhauser na kabureta moja ya Edelbrock ya midomo minne, ile ya 500.

Pili, zile injeksheni zinazokaa palepale pa kabureta na kufanana nayo, kama Holley Sniper au FiTech. Wanasema inajifunza yenyewe barabarani.

Tatu, manifoldi ya injeksheni ya Lucas iliyokuja kwenye Range Rover za katikati ya miaka ya 1980, niiendeshe kwa kompyuta ya kujiundia kama Speeduino.

Pikapu si ya maonyesho. Wakwe zangu wako Vihiga na mara moja kwa mwezi nashuka Kisumu. Eldoret pia naenda. Kuna jamaa hapa mjini ameniapia kwamba kabureta itazama kwenye petroli nikifika Timboroa, na kwamba bila injeksheni nitaaibika mbele ya mashemeji. Ni kweli?

MpitaNjia

Picha kwanza. Bila picha hii ni hadithi ya sungura na fisi.

MotoWaKondele, Kisumu

Huyo jamaa wako amesema kweli. Omera, hii ni karne gani? Kabureta ni bomba lenye tundu. Haijui iko wapi. Kisumu tuko kama mita 1,130 juu ya bahari, Nakuru mko 1,850, Timboroa inapita 2,700. Hewa inapungua, petroli inabaki ileile, moshi mweusi, plagi nyeusi, umekwisha. Injeksheni ina sensa ya presha ya hewa na sensa ya oksijeni kwenye ekzosti. Inapima, inarekebisha, inaendelea. Mlima hutausikia. Hata NASCAR, mbio za magari za Marekani, wale wazee wa kabureta kuliko wote, walihamia injeksheni mwaka 2012. Njia ya pili, funga mjadala.

BrekiKwanza

Samahani, naingilia. 404 ina breki za dramu. Umeongeza nguvu maradufu na ushee na unataka kushuka mteremko wa Sachangwan. Umefanya nini kuhusu breki?

PikapuYaBaba, Nakuru

@BrekiKwanza nilijua hili litakuja. Mbele nimeweka diski pamoja na hab za Hilux, na sevo ya breki mpya. Bila hiyo mama mwenyewe asingeniruhusu nitoe gari getini.

@MpitaNjia picha zinakuja, simu yangu imevunjika kioo.

FundiMzee, Kibuye

Vijana hamjambo. Nimetengeneza Peugeot tangu zile 504 za abiria ziko barabara ya Busia. Ngoja niwaambie kitu kuhusu hiyo 404 kabla hamjaifanya kama mtoto wa jana.

Injeksheni si mgeni kwenye gari hilo. Kulikuwa na 404 ya injeksheni tangu miaka ya 1960, pampu yake ikiitwa Kugelfischer. Haikuwa na waya wala kompyuta. Ilikuwa pampu ya chuma inayozungushwa na mkanda, na ndani yake kuna kipande kilichochongwa kama koni, kinapima petroli kulingana na mguu wako na mzunguko wa injini. Bert Shankland wa Tanzania alishinda mbio za Safari Rally na 404 ya injeksheni mwaka 1966 akarudia 1967, na 1968 akashinda Nick Nowicki. Kwa hiyo mtu asiniambie injeksheni haiwezi barabara zetu. Iliziweza kabla wengi wenu hamjazaliwa.

Lakini nami niliona upande wa pili. Pampu ile ikilika, Kisumu yote haikuwa na mtu wa kuifungua akairudisha ikiwa sawa. Mwenye gari alikuwa anakuja kwangu ananiambia, fundi, toa hiki kidudu uniwekee kabureta ya Solex. Nimetoa pampu za namna hiyo kwa mkono wangu, na roho inauma kwa sababu gari lilikuwa linakwenda vizuri kuliko baada ya mimi kuligusa.

Kijana, swali langu kwako ni moja. Siku kitu kikiharibika saa mbili usiku pale Londiani, wewe mwenyewe unaweza kufungua nini?

V8Yetu

Mzee heshima yako. Ila mwenye uzi, usinunue ya 500, hiyo ni ya watoto. V8 ni V8, weka ya 750 ipumue.

HesabuKwanza, Eldoret

@V8Yetu hapana. Hebu tufanye hesabu badala ya kupiga kelele.

Wamarekani hupima kabureta kwa futi za ujazo wa hewa kwa dakika. Chukua ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo (3528 ni kama 215), zidisha kwa mizunguko ya juu kabisa, tuseme 5,500, kisha gawanya kwa 3,456. Unapata 342. Hapo umechukulia kwamba silinda zinajaa kabisa, na injini ya kawaida haijazi. Chukua asilimia 85, unabaki na kama 290. Hata hiyo 500 ina nafasi ya kutosha. Ukiweka 750 hewa inapita koromeo polepole mno, haivuti petroli sawasawa, na kila ukikanyaga kutoka chini injini inameza mate.

Sasa @MotoWaKondele. Ni kweli kabureta haijui iko wapi. Lakini kosa lake ni dogo kuliko unavyotangaza. Petroli inavutwa na mwendo wa hewa kwenye koromeo, na hewa ikiwa nyepesi hata mvuto unapungua. Kwa hiyo mchanganyiko haunenepi sawasawa na upungufu wa hewa. Unanenepa kwa kipeuo cha pili cha upungufu huo, yaani mzizi wake. Chukua uzito wa hewa wa pwani kuwa 1. Kisumu ni kama 0.90, Nakuru kama 0.83, Timboroa kama 0.76. Tafuta mzizi wa 0.76 gawanya kwa 0.90: ni 0.92. Kutoka ziwani hadi kileleni mchanganyiko unabadilika kama asilimia 8 tu.

Kwa namba za fundi: ukiwa na sehemu 14 za hewa kwa 1 ya petroli Kisumu, Timboroa utakuwa karibu 12.9. Injini ya petroli inafanya kazi vizuri kati ya hizo mbili, na nguvu ya juu kabisa iko karibu na 12.5 hadi 13. Hakuna kuzama hapo.

Anayezama ni yule anayetoa kabureta kwenye boksi, imepimwa kwa nchi ya chini, anaifunga Nakuru bila kubadilisha jeti, yale matundu ya kupimia petroli. Huyo anaanza safari akiwa tayari amenenepa kwa asilimia 9, halafu analaumu Timboroa.

MotoWaKondele, Kisumu

Sawa mwalimu, lakini injeksheni bado itarudisha nguvu za mlimani.

HesabuKwanza, Eldoret

Hairudishi. Hewa ikiwa pungufu ni pungufu kwa wote. Timboroa injini yoyote isiyo na turbo imeacha karibu robo ya nguvu zake chini baharini, iwe ya kabureta au ya kompyuta. Injeksheni inakusaidia usitupe petroli juu ya hasara hiyo. Oksijeni haikuongezei.

MamaProbox, Kakamega

Naomba nami niseme, ingawa kwa kawaida nasoma tu.

Kuna huu msemo kwamba kabureta hutengenezwa popote. Ulikuwa kweli. Siku hizi angalia barabara: Probox, Fielder, Vitz, Hiace, zote injeksheni. Kijana wa gereji hapa Kakamega akiona kabureta ya gari anaita wenzake waje kuangalia. Mashine ya kusoma kompyuta ya gari anayo mfukoni, lakini bisibisi ya kurekebisha kabureta anaishika kama mwiko wa ugali. Marehemu mume wangu alikuwa na Datsun 1200, na miaka ya mwisho tulikuwa tunasafiri hadi Bungoma kumfuata mzee mmoja tu aliyeielewa.

Anayejua kabureta siku hizi ni fundi wa boda. Boya, jeti, choki, sindano, anavifungua huku anazungumza na simu. Ya kwako ni kubwa na ina midomo minne, lakini kanuni ni ileile.

FundiMzee, Kibuye

Dada umesema neno. Nina vijana wawili wa boda hapa kibandani na nimewafundisha kabureta za gari kwa wiki moja.

Nimechomeka

Mwenye uzi, nisikilize mimi niliyeumia. Nina Cortina yenye V6, nikaweka moja ya hizo injeksheni za kukaa palepale pa kabureta. Kampuni siitaji. Wiki ya kwanza ilikuwa raha: inawaka asubuhi kama gari la juzi, haina harufu ya petroli, inatulia vizuri. Wiki ya tatu, Mau Summit, mvua, saa moja jioni, ikazima ghafla. Nikapiga stata, ikawaka. Baada ya kilomita mbili ikazima. Nilifika nyumbani nimezima na kuwasha mara kumi na tisa, nilizihesabu kwa hasira.

Nilibadilisha pampu. Nikabadilisha filta. Nikalaumu petroli ya kituo fulani. Mwisho kijana mmoja wa vifaa vya redio akaja akaangalia chini ya boneti dakika tano. Nyaya zangu za plagi zilikuwa zile za shaba tupu za zamani, na zilipita juu ya waya wa kompyuta. Kila cheche ilikuwa inapiga kelele masikioni mwa kompyuta mpaka inachanganyikiwa na kujizima. Tena nilikuwa nimechukua umeme wa kompyuta kwenye fyuzi ya redio badala ya kwenye betri moja kwa moja. Nikaweka nyaya za plagi zenye ukinzani, nikahamisha njia ya waya, nikaunganisha kwenye vichwa vya betri. Haijazima tena mpaka leo.

Chombo kilikuwa kizima siku zote. Mimi ndiye niliyelitia gari la 1970 kitu kinachotaka umeme safi, huku nyaya zake zimeungwa kwa karatasi ya nailoni.

PikapuYaBaba, Nakuru

Hii imenigusa. Nyaya za pikapu yangu ndizo hizo za nailoni. Na bado ina dainamo.

WayaMoja, Nakuru

Basi kwa injeksheni dainamo itoke. Gari likitulia kwenye foleni dainamo haitoi kitu, na pampu ya injeksheni inakula umeme muda wote. Alteneta ni lazima.

Na watu wengi hawakuelezi upande wa petroli, wanakuonyesha tu kile chombo kinachong'aa juu ya injini. Kabureta ya Edelbrock inataka presha ndogo, psi 5 na nusu hivi. Ikipita 6 na nusu inasukuma sindano ya boya na kufurika. Holley Sniper inataka psi 58. Mara kumi! Kwa hiyo pampu nyingine, paipu nyingine, filta nyingine, na petroli inayobaki irudi tangini kwa paipu yake. Ule mpira wa kawaida wa petroli wa kununua kwa mita usithubutu, presha hiyo itaupasua juu ya ekzosti yenye moto. Kuna mpira wa injeksheni, umeandikwa ubavuni, na klipu zake si zile za kukaza kwa waya.

Tangi nalo. Tangi la 404 ndani ni tupu kama debe. Ukipanda mlima na robo tangi, petroli inakimbilia nyuma, pampu inavuta hewa. Kabureta ina bakuli lake, itavumilia sekunde kadhaa. Injeksheni haina akiba, inakata papo hapo. Ukichagua injeksheni, tangi lichomelewe vizuizi ndani au uweke kitangi kidogo cha kati. Na kabla ya kuchomelea tangi lioshwe na lijazwe maji, tafadhali, nimeshazika rafiki.

FundiMzee, Kibuye

Pole sana kijana wangu. Na wengine wote mlisome hilo mara mbili.

BodiNyeusi

Mimi ndiye mtu wa njia ya tatu. Speeduino imekaa kwenye Nissan yangu mwaka wa pili. Ni nafuu kuliko hizo nyingine mbali sana, kwa sababu ni bodi ya Arduino na programu ya bure, na unaweza kutumia injekta na sensa za gari lolote la Kijapani lililokatwakatwa Industrial Area. Lakini hainunuliwi ikiwa imekamilika. Unaketi na laptopu gari likiwaka, unajaza jedwali la petroli mraba kwa mraba. Nilitumia miezi minne ya jioni. Mke wangu aliniuliza kama nina mchumba ndani ya gereji. Kama furaha yako ni kuendesha, achana nayo. Kama furaha yako ni kujua, karibu.

MpitaNjia

Na petroli je? EPRA, wale wa kupanga bei ya mafuta, kila tarehe 14 wanatutia presha, na wewe unaweka silinda nane.

PikapuYaBaba, Nakuru

@MpitaNjia mtu anayeuliza matumizi ya petroli ya V8 asinunue V8. Nitakula sukuma.

Wadau, nimewasikia. Nimeamua kabureta ya 500, lakini nafanya mambo mawili ya injeksheni sasa hivi: alteneta na nyaya mpya, na paipu ya kurudisha petroli tangini. Pia nimechomelea nati ya sensa ya oksijeni kwenye ekzosti. Nimepata mita ya kusoma mchanganyiko, ile sensa ya upana mkubwa. Sitaki kubahatisha kwa kunusa. Nitarudi.

LogibukuTu

Ukibadilisha injini usisahau NTSA, wale wa usajili wa magari. Namba ya injini kwenye kumbukumbu yao lazima ilingane na iliyo ndani ya gari. Siku ya ajali bima wataangalia hapo kwanza.

PikapuYaBaba, Nakuru (baada ya miezi mitatu)

Nimerudi. Inatembea. Mama amepanda hadi sokoni na akasema inanguruma kama baba alivyokuwa akikoroma.

Sasa namba, na hapa namhitaji @HesabuKwanza na mzee. Nilibadilisha jeti na sindano mpaka Nakuru, kwenye mwendo wa kawaida wa kilomita 80, mita ikasoma 13.6. (Sifa moja ya Edelbrock: sindano zinatolewa kwa kufungua vifuniko viwili vidogo juu, dakika tano, petroli haimwagiki.) Kwa hesabu yako Timboroa ilipaswa kuwa 13.0, na Kisumu 14.1.

Kisumu nilipata 14.1 kamili. Nilicheka peke yangu.

Timboroa, mwendo uleule kwenye tambarare, 11.8. Moshi upo. Harufu ipo. Jamaa wa mjini angeniona angefurahi. Hesabu imekosea wapi?

HesabuKwanza, Eldoret

Hmm. Jeti haiwezi kunenepa hivyo peke yake. Kuna kitu kingine kinafunguka. Choki imefunguka kabisa?

PikapuYaBaba, Nakuru

Imefunguka. Niliangalia kwa macho.

FundiMzee, Kibuye

Hesabu ya mwalimu haijakosea. Amesahau springi.

Kijana, hizo sindano ulizozibadilisha zina unene wa aina mbili. Sehemu nene ikiwa ndani ya jeti, petroli inapita kidogo: huo ni mwendo wa kawaida. Sehemu nyembamba ikiingia, petroli inapita nyingi: hapo unavuta mzigo. Kinachozishikilia chini ni vakumu ya injini. Kinachozisukuma juu ni springi. Ukikanyaga, vakumu inaanguka, springi inashinda, sindano zinapanda.

Sasa, vakumu inatoka wapi? Ni tofauti ya hewa ya nje na ya ndani ya manifoldi. Hewa ya nje ikiwa nyepesi, hata vakumu yako inakuwa ndogo. Kwa kila mita 300 unapoteza kama inchi moja ya zebaki. Tena mlimani umekanyaga zaidi ili kupata mwendo uleule. Kwa hiyo Timboroa unakwenda taratibu, lakini kabureta inadhani unavuta trela. Sindano zimesimama juu muda wote.

Springi iliyokuja na kabureta yako ni ya rangi ya chungwa, ya inchi 5. Tafuta ya njano, ya inchi 4, ambayo ni laini zaidi. Usiguse jeti.

HesabuKwanza, Eldoret

Mzee, navua kofia. Nilihesabu bomba nikasahau kwamba kuna mtu ndani yake anayefungua mlango.

MotoWaKondele, Kisumu

Injeksheni isingehitaji springi. Nasema tu.

FundiMzee, Kibuye

Kweli, isingehitaji. Ingehitaji sensa ya presha ya hewa iliyo nzima, na ikidanganya usingejua kwa macho. Mimi sikatai injeksheni kijana wangu. Ningekuwa na miaka thelathini ningekuwa nayo.

PikapuYaBaba, Nakuru

Springi ya njano imeingia Ijumaa, Jumamosi nimepanda tena. Timboroa: 12.9. Hakuna moshi. Burnt Forest nilinunua maziwa lala nikanywa nimeegemea boneti kama mwenye gereji.

Shida nyingine lakini. Nikishuka Kisumu mchana, nikizima pale Ahero robo saa kununua omena, ikirudi kuwaka inasumbua. Napiga stata sana, inawaka ikikohoa, inanuka petroli, kisha inatulia.

WayaMoja, Nakuru

Hiyo ni joto. Ukizima, joto la injini linapanda, petroli inachemka kwenye bakuli na kudondoka ndani ya manifoldi. Tafuta kipande cha kukinga joto cha kuweka kati ya kabureta na manifoldi, cha mbao ngumu au cha plastiki ngumu, milimita 12 hivi, usiweke cha alumini kwa sababu kinapitisha joto. Angalia kama boneti itafunga. Na kabla ya kupata, ukianza kuwasha ikiwa ya moto kanyaga mafuta hadi chini ushikilie, usipampu. Ukipampu unaizamisha zaidi.

Nimechomeka

Hapo ndipo yangu inakupita. Ahero kwangu hainisumbui hata kidogo. Kila mtu na mahali pake pa kuaibikia.

PikapuYaBaba, Nakuru

Kipande nimechongewa na seremala hapa Shabab, mbao ya mvule, gaskiti juu na chini. Ahero mara mbili sasa, inawaka kwa mguso wa kwanza. Boneti imebakisha upana wa kidole.

Kitu kimoja kimebaki: nikitoka taa za barabarani nikakanyaga ghafla, inameza mara moja ndipo inaenda.

FundiMzee, Kibuye

Pampu ya kuongezea. Ubavuni kuna kijiti kimeingia kwenye mkono wenye matundu matatu. Kihamishe kwenye tundu lililo karibu zaidi na mwili wa kabureta. Itarusha petroli zaidi ukikanyaga.

PikapuYaBaba, Nakuru

Nimehamisha. Imeisha. Jumapili nakuja Kibuye, mzee, uisikie mwenyewe, nitakuletea viazi vya Molo.

FundiMzee, Kibuye

Uje asubuhi kabla jua halijapanda. Na uje na hizo Stromberg kuukuu usizitupe, nina kijana wa boda anataka kujifunzia.

MpitaNjia

Picha?